Mjadala: Alpha Phi Alpha wana haki ya kujisifia King na Marshall?

#1 (mwanzisha mada)
Wakuu, kila kikitajwa Alpha Phi Alpha, chama cha udugu cha wanafunzi Weusi wa vyuo vya Marekani, orodha ndiyo hutangulia: Martin Luther King, wakili Thurgood Marshall, mwanazuoni Du Bois, mwanariadha Jesse Owens, mwanamuziki Duke Ellington. Kwangu hizo ni sifa za kuazima. King aliapishwa tawi la Sigma, Boston, mwaka 1952, akiwa tayari anasomea shahada ya udaktari. Malezi alishayapata kanisani kwa baba yake Atlanta na pale chuo cha Morehouse. Kituko zaidi ni Frederick Douglass, yule mpinga utumwa: alifariki 1895, chama kikazaliwa 1906, halafu 1921 wakampa uanachama wa heshima akiwa kaburini. Kwa mtindo huo hata sisi tumsajili Mfalme Suleiman kwenye kikoba cha mtaa.

#2
La Douglass nakuachia, mkuu. Ila umeanzia hadithi katikati. Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka wa masomo 1904–05, kilikuwa na wanafunzi Weusi sita. Uliofuata hakurudi hata mmoja. Waliokuja baadaye wakajikusanya wasije kumalizika vilevile. Walianza kama kikundi cha kusoma na kujadiliana, na ubishi wao mkubwa ulikuwa: tubaki kikundi cha fasihi au tuwe udugu wa kiapo? C. C. Poindexter, aliyekuwa mwenyekiti, alitaka fasihi. Hoja yake ikashindwa, akajiuzulu. Udugu ukapita tarehe 4 Desemba 1906. Waasisi saba, hakuna aliyeingia akiwa na jina. Vertner Tandy ndiye aliyekuja kuchora Villa Lewaro, jumba la Madam C. J. Walker, yule tajiri Mweusi wa bidhaa za nywele. Eugene Kinckle Jones akaiongoza National Urban League, shirika la kutetea Weusi mijini, kwa miaka mingi.

#3
Hapo unachanganya mambo mawili. Chama kinachochagua watu ndani ya chuo kikuu kinavua kwenye bwawa lililokwisha kuchujwa. Akitoka wakili, si kwamba kiapo ndicho kilichomsomesha. Mfano wa karibu na sisi ni Marshall. Mwaka 1960 alikwenda London kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, akawaandikia rasimu ya sura ya haki za binadamu. Alitafutwa kwa ushindi wake mahakamani. Hakuna aliyemuuliza yuko tawi gani.

#4
Basi tuache majina, tuhesabu kile ambacho chama chenyewe kilikitolea hela. Kesi ya Henderson dhidi ya Marekani ndiyo naiweka mbele.

Elmer Henderson alisafiri kwa treni ya Southern Railway tarehe 17 Mei 1942, tiketi ya daraja la kwanza, safari ya kiserikali. Kwenye behewa la chakula, meza mbili za mwisho, zile za jikoni, ndizo walizotengewa Weusi, lakini kwa sharti: wasipowahi, Wazungu wanakaa. Alipofika, Wazungu walishakaa hapo. Kiti kimoja kilikuwa wazi, msimamizi akakataa kumpa. Akaahidi kumwita nafasi ikipatikana. Hakumwita, na saa tatu usiku behewa likakatwa kwenye treni.

Kampuni ilipobanwa ikaandika kanuni mpya za 1946: meza kumi za viti vinne kwa Wazungu, meza moja ya viti vinne kwa Weusi, na pazia linavutwa katikati wakati wa kula. Wakili alikuwa Belford Lawson, rais wa chama wakati huo, na gharama walibeba Alpha. Tarehe 5 Juni 1950 Mahakama ya Juu ya Marekani ikazifuta kanuni hizo. Hiyo si sifa ya kuazima.

Na sanamu ya King pale Washington, mita tisa na ushei? Wazo lilitoka kwa wanachama mwaka 1984, Bunge likaridhia 1996, ikazinduliwa Oktoba 2011. Miaka 27 ya kuchangisha na kufuatilia vibali.

#1
Henderson nakubali, sikuitegemea. Lakini ukihesabu mema, hesabu na mateso ya wageni, yaani wanaoomba kujiunga. Mwaka 1989 mwanafunzi wa Morehouse alifariki kwenye maandalizi ya kuingia chama hichihichi.

#5
Kweli, na dawa yake ilileta ugonjwa mwingine. Mwaka 1990 vyama vya udugu vya Weusi vilikubaliana kufuta kile kipindi kirefu cha ukuruta, ambapo mgeni alipelekeshwa kama njuka bwenini. Badala yake ikaja fomu, usaili, mafunzo mafupi, kiapo. Tatizo liko kwenye heshima. Anayeingia kwa fomu tu huitwa mwanachama wa karatasi, hasalimiwi sawasawa, hasimami mstari mmoja na wenzake kwenye ngoma zao za kukanyaga. Kwa hiyo mgeni mwenyewe huenda kuomba apigwe, usiku, nyumbani kwa mtu, mlezi kutoka tawi la wahitimu hayupo. Zamani angalau mkubwa mmoja alikuwa anaangalia. Ukitaka kukomesha, anzia kwa wanaomcheka wa karatasi.

#4
Naunga mkono. Na kwenye orodha yao wamtangulize Lawson, Douglass arudi nyuma.

#1
Douglass atoke kabisa, mkuu. Hakujaza fomu wala hakupigwa.