Ngazi ya pwani imetiwa kufuli, maji ya bamvua yanajaa, na sisi tuko chini!

Wandugu, leo sina salamu ndefu. Nimekaa siku tatu nikingoja hasira zishuke, hazijashuka.

Idd pili tulikwenda pwani moja huku Kusini Unguja. Siitaji, wanaoijua wataijua. Ni zile pwani zilizojificha chini ya majabali: juu vichaka na mawe, chini mchanga mweupe kama unga, baina yao ukuta wa mwamba. Pa kushukia ni mahali pamoja tu, ngazi ya mawe ya tangu zamani. Wavuvi na akina mama wa mwani wameitumia miaka yote bila kumuomba mtu ruhusa.

Sasa ngazi ina geti. Pembeni imejengwa hoteli, na hoteli imejiamulia kuwa ngazi ni yake. Mlinzi alitutoza 3,000 kila kichwa, hata mtoto wa miaka minne. Risiti? Alinitazama kama nimemuuliza habari za mwezini. Tukalipa, maana siku ya sikukuu hutaki kugombana mbele ya watoto. Hilo kosa langu, nakiri.

Tulishuka saa nne, maji yamekupwa hayaonekani. Aliyekulia pwani anajua: Idd el-Fitri inakuja na mwezi mchanga, na mwezi mchanga ndio bamvua. Asubuhi maji yanakwenda mbali kabisa, jioni yanarudi mpaka yanapiga jabali, mchanga huuoni tena. Kwa hiyo tulipanga tupande saa nane na nusu. Hatukukurupuka.

Saa nane na nusu geti lina kufuli.

Mlinzi yuko juu, tunamuona kichwa. "Funguo anayo meneja, na meneja kenda mjini." Mmefungaje na watu wako chini? "Kuna wageni wanapigwa picha hapa juu, hawataki watu wapitepite." Mamangu, mtu wa miaka sabini na goti bovu, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, maji hayo yanakuja." Akajibiwa, "Bi mkubwa, mie nimeajiriwa tu."

Mkwe wetu wa kutoka bara akashauri tukae kivulini chini ya jabali tungoje. Nikamwambia tazama juu. Mwamba wetu huu ni matumbawe ya kale, mawimbi yameula chini mpaka juu umebaki kama paa lisilo na nguzo, na nyufa unaziona kwa macho. Asubuhi ile ile kipande kikubwa kama nazi kilidondoka hatua chache na mkeka wetu. Kuparamia nako hakuwezekani. Jabali lina meno kama mbuzi ya kukunia nazi. Mdogo wangu alijaribu, akachanika kiganja.

Saa tisa u robo mkeka umelowa. Tuko kumi na watatu, sita watoto. Walotuokoa ni vijana wawili wa ngalawa waliokuwa wanarudi dikoni, pale wavuvi wanapoegesha vyombo. Walimchukua mama na watoto kwanza, wakarudi kutuchukua sisi, mara tatu kwa upondo. Nikawapa pesa, wakakataa. Wao ndio wenye pwani yao, wanakataa pesa. Aliyekuja juzi ndiye anayetoza!

Nimekwenda kwa sheha. Kumbe akina mama wa mwani walishalalamika zamani, maana wakikuta kufuli wanazunguka na magunia yaliyorowa kichwani mpaka dikoni. Hakuna kilichofanyika. Sasa naulizia wenye kujua sheria humu: kwa sheria ya 1992 ardhi ya Zanzibar ni ya umma, mwekezaji anakodishwa tu. Aliyemkodisha na ngazi ni nani? Na kama ana karatasi, je imeandikwa pia kuwa anaweza kuwafungia watu baharini?

Mwenye uzoefu wa kufikisha jambo kama hili wilayani aniandikie. Na mvuvi yeyote wa Kusini aliyeokota sufuria kubwa la pilau lenye mfuniko wa kijani, ni letu. Pilau halali yako, sufuria mama analiulizia kila siku.