Sare niliyopewa Jumapili si sare: mwamuzi hakusoma hata karatasi zetu

Ndugu zangu wa sataranji hapa Kampala, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jumapili iliyopita, katika raundi ya mwisho ya mashindano ya klabu yetu, mwamuzi alitangaza sare katika mchezo niliokuwa naumaliza, bila kuzitazama karatasi tulizoandikia hatua.

Mwenye ubao na aupange. Nilikuwa na vipande vyeupe: mfalme kwenye mraba wa d5 (herufi ni safu, namba ni mstari), askari a5 na c6. Mzee niliyecheza naye alikuwa na mfalme c8 na askari mmoja a6. Zamu ilikuwa yangu. Nilikwenda d6 naye akaja d8, nikarudi d5 naye akarudi c8; saa ilinibana na nilihitaji kufikiri. Kisha nikaiona njia. Mfalme wangu d4, wake d8, wangu c4, wake c8, wangu d5. Safari hii zamu ilikuwa yake, na hilo ndilo nililolizungukia, kwa kuwa akienda d8 au b8 naingia d6 na askari wangu wa c6 anapita, na akienda c7 naingia c5, kisha b6, na askari wake wa a6 hana mlinzi.

Hapo mzee akasimamisha saa na kudai sare, kwamba vipande vimekaa vilevile mara ya tatu. Simlaumu yeye, kwani kudai ni haki ya kila mchezaji. Namlaumu mwamuzi. Kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, zinasema wazi kwamba mkao hauhesabiwi kuwa uleule isipokuwa mwenye zamu ni yuleyule, nami nilikuwa na zamu mara mbili za kwanza, mzee mara ya tatu. Dai lisiposimama, mpinzani huongezewa dakika 2 na mchezo unaendelea. Mimi niliambiwa tu, “Ni palepale mara tatu, basi sare,” huku meza za jirani zikikunjwa.

Nilikataa kutia saini. Nusu pointi hiyo imeniondoa kwenye timu ya klabu baada ya msimu mzima wa kufunga duka mapema ili niwahi mazoezi.

Karatasi zote mbili zipo. Naomba kamati izisome hatua kwa hatua mbele yetu sote, iifute sare hiyo, na turudishwe mezani mimi na mzee, mfalme wangu akiwa d5, wake c8, na zamu ikiwa yake.