Mjadala: Saini ya semina inatosha kuthibitisha kwamba mfanyakazi anaijua sheria mpya?

Mleta mada, Tanga

Wakuu, habari za mchana. Sheria ya kazi ikibadilika, nani ahakikishe mfanyakazi wa chini ameielewa: yeye mwenyewe, mwajiri au serikali? Mimi nasema ni mwajiri, ndani ya saa za kazi, kwa Kiswahili, na asijikinge na karatasi ya mahudhurio.

Kilichonisukuma ni dada mmoja wa hapa Tanga, simtaji yeye wala kazini kwake. Alijifungua mtoto njiti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Marekebisho ya mwaka 2025 yakaongeza jambo kubwa: mama wa njiti anapewa pia muda uliobaki hadi ujauzito ungetimia wiki zake. Mtoto akizaliwa mapema, hizo wiki zilizobaki ni haki ya mama, juu ya siku zake za kawaida. Huyu dada aliitwa kazini siku 84 zilipotimia tu, na mtoto bado anarudishwa kliniki kila wiki. Akaenda. Aliyempigia simu hakuwa na roho mbaya, alikuwa anajaza fomu ya zamani.

Na kampuni hiyo ilikuwa imeshafanya semina ya mabadiliko ya sheria! Wakuu wa idara walikwenda hotelini wakarudi na mafaili. Waliobaki wakapitishiwa daftari wasaini. Mkaguzi akija leo atakuta kila kitu kiko sawa.

Angalieni pia bandari yetu. Miaka yote meli zilitia nanga mbali, mzigo ukaletwa na matishari. Sasa kina gatini ni mita 13 na meli inafunga gatini. Kazi imebadilika na hatari zake zimebadilika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe maelekezo, mafunzo na usimamizi. Haisemi akusanye saini.

Karibuni.

Mwenye nyumba ya wageni, Bagamoyo

Ndugu yangu, pole kwa huyo dada, kadhulumiwa. Lakini unatuweka kwenye kapu moja na makampuni makubwa. Mimi nina wafanyakazi watano. Kila tarehe 1 Julai Sheria ya Fedha inakuja na mapya yake. Mwaka 2025, tarehe hiyohiyo, likaanza kutumika toleo la urekebu la sheria zote, yaani zimechapwa upya pamoja na marekebisho yake, na vifungu vingine vikahama namba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo ipo tangu 1 Mei 2023. Nani kwangu akae asome yote hayo? Nikimwita mtaalamu, ada yake inameza mshahara wa mtu. Serikali ndiyo iliyobadilisha, serikali itufundishe. Ituletee kurasa mbili za Kiswahili chepesi kwa kila badiliko.

Fundi wa korona, Korogwe

Mimi niko kwenye mkonge, korona, pale majani yanapochanwa kutoa singa. Ile mashine ikishika mkono hairudishi. Nimesaini mengi ambayo sikusomewa. Msimamizi anakuja zamu inaanza, mashine inanguruma, anasema weka jina hapa. Ukiuliza ni ya nini unaonekana mkorofi, na mkataba wako ni wa msimu. Kwa hiyo saini yangu haimaanishi nimeelewa. Inamaanisha nataka kurudi kazini kesho.

Mafunzo niliyowahi kuyaelewa kweli yalifanyika mashine ikiwa imezimwa. Mzee mmoja alituita tulivyo, akamwambia kila mtu aonyeshe kwa mkono wake pa kuzimia. Aliyekosea alirudia. Hakukuwa na karatasi hata moja.

Afisa utumishi, Tanga

Msitulaumu sisi tu. Mkaguzi akifika anaomba ushahidi wa maandishi. Huyo mzee wa korona, kwa mkaguzi, hakufundisha chochote. Bila daftari nitajiteteaje?

Mleta mada

Dada wa Bagamoyo, kwenye kurasa mbili nakuunga mkono kabisa. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, kwa hiyo kila badiliko litoke na muhtasari ambao mpokezi wa wageni anaweza kuusoma. Hilo ni deni la serikali. Ila usilisubiri kwa kila kitu. Chukua hiyo sheria ya taarifa binafsi. Nyumba nyingi za wageni, huku Tanga na huko kwenu, daftari la wageni linalala wazi mapokezi. Anayeandika jina lake anaona namba ya simu na ya kitambulisho ya aliyetangulia. Mpe kila mgeni karatasi yake, zifungiwe kabatini, na umweleze mpokezi kwa nini. Hakuna ada ya mtaalamu hapo.

Afisa, hoja yako ni nzito na ndiyo inanifanya nigeuze swali. Daftari liwepo, lakini mkaguzi asiishie ofisini. Ashuke hadi kwenye korona, gatini na jikoni, achague watu watatu bila kuchaguliwa na bosi, awaulize: kimebadilika nini, na wewe unafanya nini tofauti? Wakishindwa, mafunzo yahesabiwe hayakufanyika, hata daftari likiwa na saini mia.

Na fomu za likizo zibadilishwe siku sheria inapoanza kutumika, awepo mtu mwenye jina anayewajibika kwa hilo. Wewe afisa, kwenu ni nani?

Afisa utumishi, Tanga

Kwetu hayupo. Nitalipeleka kwenye kikao cha menejimenti. Lakini la mkaguzi kuchagua watu watatu bado silikubali: mfanyakazi mwenye hofu atajibu vibaya hata kama anajua. Fundi, wewe ungejibu?

Fundi wa korona, Korogwe

Ningejibu, msimamizi akiwa hayupo.