Silti ya bonde la Luiche: tushike kigezo kipi cha tetemeko?

Injinia_Ujiji
Wakuu, kuna jengo la ghorofa mbili bondeni Luiche, karibu na Ujiji. Mita 3 chini ni silti ya kijivu (udongo laini kuliko mchanga, mkubwa kuliko mfinyanzi): LL (kiwango cha maji ambapo udongo huanza kutiririka) 32, PI (upana wa maji ambamo udongo hufinyangika) 9, maji 30%, chembe za chini ya mm 0.005 ni 18%. Maji ya ardhini yako mita 1.2. Nataka kujua kama udongo huu utalegea na kugeuka uji kwenye tetemeko. Vigezo vya Kichina, kanuni za zamani za kukagua hilo, vinaupitisha kuwa salama kwa sababu chembe hizo zimevuka 15%. Watafiti Bray na Sancio wanaukataa. Tetemeko la 2005 la Ziwa Tanganyika lilifika ukubwa wa 6.8, kwa hiyo siwezi kupuuza.

Mpima_Udongo
Achana na vya Kichina. Vinahesabu ukubwa wa chembe, na chembe ndogo si lazima iwe mfinyanzi. Kwazi (madini magumu ya mchanga) iliyosagika ikawa vumbi haishikani. Adapazarı, Uturuki, Agosti 1999, silti za namna hiyo zililegea, majengo yakazama na kuinama. Bray na Sancio (2006) wanatazama PI, na maji ukigawanya kwa LL. PI chini ya 12 na uwiano zaidi ya 0.85, udongo uko hatarini. PI 12 hadi 18 na uwiano zaidi ya 0.8, pima zaidi. Wako ni 0.94. Hakuna mjadala.

Kokoto_Tabora
Upo, mkuu. Kwa watafiti wengine, Boulanger na Idriss (2006), PI kuanzia 7 ni tabia ya mfinyanzi. Wengi wanasoma hapo "salama". Sivyo: maana yake usiuhesabu kama mchanga kwa SPT (kuhesabu mapigo ya kushindilia bomba ardhini). Pima nguvu yake kwa vani (mabapa yanayozungushwa ndani ya udongo), na ukiweza, kwa mzigo wa kurudiarudia maabara. Unaweza kulegea ukashusha jengo bila kugeuka uji.

Mpima_Udongo
Hilo sawa. Ila LL ilipimwaje? Udongo ukikaushwa kwenye oveni kwanza, PI hushuka, hasa tope lenye mabaki ya mimea. Anza na udongo mbichi, upitishe chekeche la mikroni 425. Maji yapimwe kwenye kipande hichohicho, bomba la sampuli likiwa limezibwa nta pande zote. Likipoteza maji njiani, uwiano unashuka na udongo mbaya unaonekana mzuri.

Injinia_Ujiji
Ripoti inasema sm 45 zote za sampuli zilichanganywa kabla ya kupimwa.

Kokoto_Tabora
Basi PI 9 si ya tabaka lolote. Deltani silti na mchanga hupishana kwa tabaka nyembamba. Pasua sampuli kwa urefu, iache ikauke kidogo: mchanga hupauka kwanza, mistari inajitokeza. Kila tabaka lipimwe peke yake, mchanga ndio uende kwa SPT. Na kina cha maji weka cha masika, si hicho cha siku ya kuchimba.