Kadi ya gemu ya Baraka: gumzo la kikundi cha familia, Dodoma

Mama Baraka: Wapendwa habari za jioni. Baraka anaomba kadi ya gemu (kadi ya picha) kwa ile kompyuta ya Dell aliyopewa na baba yake mdogo. Kuna muuzaji wa Kariakoo ametuma picha, GTX 1060 used. Anko Mathias, Upendo, ninyi mnaojua haya mambo, nilipe au nisilipe?

Anko Mathias: Salama mama Baraka. Usilipe kwanza. Kadi inachaguliwa kwa kuangalia pawa saplai (kile kisanduku cha umeme ndani ya mashine) na boksi, siyo kwa kuangalia tangazo. Baraka, zima mashine, chomoa waya wa ukutani, fungua ubavu, unisomee lebo ya pawa saplai. Na modeli kamili.

Baraka: Shikamoo anko. OptiPlex 9020 MT. Prosesa i5-4590, ramu 4GB kijiti kimoja, hard disk ya 500GB. Lebo ya pawa saplai imeandikwa 290W.

Anko Mathias: Marahaba. Basi hiyo 1060 iache. Inakula hadi wati 120 na inataka waya wa pini 6 kutoka pawa saplai, na hiyo 290W ya Dell haina waya huo. Nafasi ya kadi kwenye mazabodi (bodi kuu) inatoa wati 75 mwisho wake. Kwa hiyo unatafuta kadi ya wati 75 kushuka chini, isiyo na tundu la waya wa ziada.

Baraka: Muuzaji anasema atanipa adapta, waya wa SATA (ule wa umeme wa diski) kwenda pini 6.

Dada Upendo: Mdogo wangu, hiyo adapta kataa kabisa. Plagi ya SATA ina pini 3 za volti 12, kila moja imepimwa kubeba ampia 1.5. Jumla ni ampia 4.5, yaani wati 54. Pini 6 ya kadi inaruhusiwa kuvuta wati 75. Gemu ikikolea plagi inapata moto, plastiki inalainika, mwisho pini zinagusana. Hapo unaunguza zaidi ya kadi.

Kaka Sele: Si abadilishe pawa saplai tu aweke ya 500W? Pale Majengo zipo.

Anko Mathias: Sele, 9020 haitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Plagi yake kuu ni pini 8. Inawezekana kwa adapta ya 24 kwenda 8, ila utalipia pawa saplai, adapta, halafu ndiyo kadi. Ingekuwa OptiPlex 7010 ya mnara ningekubali, ile inapokea pini 24 moja kwa moja.

Baraka: Sasa kadi zipi zinafaa?

Anko Mathias: Ziko nne za kuulizia: GTX 1050 Ti, GTX 1650, RX 6400 na RTX 3050 ya 6GB. Sikiliza tofauti zake.

1050 Ti ni ya 2016. NVIDIA, watengenezaji wake, walitoa draiva (programu inayoendesha kadi) yake ya mwisho ya magemu mwishoni mwa 2025, sasa ni marekebisho ya usalama tu hadi 2028. Ukipewa bure chukua, kununua usinunue.

RX 6400 inakula wati 53 tu, inavutia. Lakini inapitisha data kwa njia 4 badala ya 16, imetengenezwa kwa PCIe 4.0 (PCIe ndiyo ile nafasi ya kadi). Mazabodi yako ni PCIe 3.0, kila njia inapitisha nusu. Gemu ikijaza 4GB za kadi na kuanza kukopa kwenye ramu, picha inakatakata.

1650 ina 4GB, inapitisha njia zote 16, na draiva mpya bado zinatoka. Ila angalia picha vizuri, kuna 1650 zenye tundu la pini 6. Hizo siyo zako.

RTX 3050 ya 6GB, wati 70, ilitoka Februari 2024. Ndiyo kali kuliko zote hapo. Usichanganye na 3050 ya 8GB, ile ni wati 130 na inataka waya.

Dada Upendo: Anko, kwa heshima, mimi simpeleki kwenye 3050 kwanza. i5-4590 ina kori 4 na nyuzi 4 tu, yaani kazi 4 kwa wakati mmoja. Gemu za sasa zitaijaza prosesa hadi 100%, kadi ikae inasubiri. Na ramu ya 4GB hata Windows yenyewe inahema. Angalia GTA V Enhanced ya 2025: kiwango cha chini wametaja i7-4770, ramu 8GB, kadi ya GTX 1630 na lazima SSD (diski ya chipu, yenye kasi). Sharti la kadi ndilo jepesi kuliko yote hapo. Bora achukue 1650, pesa inayobaki anunue i7-4770, ramu na SSD.

Anko Mathias: Hoja yako naikubali kwenye ramu na SSD. Kwenye prosesa nasema asubiri, aone mwenyewe. 6GB za kadi hutaziongeza baadaye, prosesa utabadilisha muda wowote, soketi ni ileile LGA 1150 na wati ni zilezile 84.

Mama Baraka: Naomba jibu moja jamani, mimi ndiye mlipaji 🙏🏾

Dada Upendo: Mama, hivi: ramu vijiti viwili vya 8GB DDR3-1600, SSD ya SATA ya 500GB, na kadi. Kama mfuko unaruhusu 3050 ya 6GB, sawa na anko. Kama haufiki, 1650. Prosesa baadaye.

Anko Mathias: Hapo tumeelewana.

Dada Upendo: Baraka, vijiti viwili viingie kwenye nafasi zenye vibanio vyeupe, hapo ramu inafanya kazi kwa njia mbili. Hicho cha 4GB kitoe. Na ulizia "DDR3 ya desktop". Zile fupi za laptop haziingii.

Kaka Sele: Na kadi feki je? Naona zipo nyingi mtandaoni.

Anko Mathias: Zipo. Kadi kuukuu ya GTS 450 au 550 Ti inaandikiwa baiosi (programu yake ya ndani) mpya, Windows inaisoma "GTX 1050 Ti", ukifungua gemu inazima. Muuzaji aiweke kwenye mashine, afungue programu ya GPU-Z, arekodi video. Feki nyingi GPU-Z inaziandikia neno FAKE mbele ya jina. Soma humo pia idadi ya shaders (vichakataji vidogo vya kadi): 1650 ni 896, 3050 ya 6GB ni 2304, 1050 Ti ni 768. Na kadi mpya yenye tundu la VGA la bluu ishuku, NVIDIA na AMD, watengenezaji wa hizi chipu, waliacha VGA zamani.

Baraka: Lakini monita yangu ni VGA tu.

Dada Upendo: Basi ongeza adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye kisanduku kidogo ndani. Waya mtupu usio na chipu hauonyeshi kitu, kwa sababu kadi inatoa dijitali na monita inataka analogi.

Baraka: Kadi ikifika nafanyaje?

Anko Mathias: Kabla hujafungua mashine, iwekee baiosi ya mwisho kutoka tovuti ya Dell. Fanya hivyo mashine ikiwa kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme), umeme ukikatika katikati ya baiosi mazabodi inakufa. Badilisha na betri ya CR2032, mashine ya zamani hivi betri yake imechoka.

Halafu zima, chomoa waya, bonyeza swichi ya kuwasha sekunde 10 kumaliza chaji. Gusa chuma cha kesi kwa mkono mtupu. Kiangazi hewa ya Dodoma ni kavu sana, mkono unabeba chaji kutoka kwenye zulia au sweta bila wewe kujua.

Sasa sikiliza hapa. 9020 MT ina nafasi mbili ndefu zinazofanana. Moja ni x16 ya kweli, nyingine ndefu kwa umbo lakini ina njia 4 tu. Ya kweli ndiyo iliyo karibu zaidi na prosesa. Fungua kibanio cha nyuma, toa vibati viwili, ingiza kadi wima, sukuma ncha zote mbili hadi usikie "tak". Upande mmoja ukibaki juu hata milimita moja, mashine itawaka bila picha. Ndiyo kosa ninaloletewa mara nyingi.

Dada Upendo: Na waya wa monita uchomeke kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi. Baiosi unaingia kwa F2, sehemu ya Video acha Auto. Draiva chukua tovuti ya NVIDIA. DDU, programu ya kufuta draiva za zamani, huna haja nayo kama hakukuwa na kadi ya AMD au NVIDIA kabla.

Ukishaweka, fungua GPU-Z, mstari wa Bus Interface. Bonyeza alama ya kuuliza pembeni, anzisha ile test, kisha soma. 1650 iseme x16 3.0, 3050 iseme x8 3.0. Bila kuanzisha test itaonyesha 1.1 kwa sababu kadi imepumzika, usije ukaogopa bure.

Kaka Sele: Magemu yote mapya yatafunguka?

Dada Upendo: Hapana, na ni vizuri Baraka ajue sasa. Indiana Jones and the Great Circle na Doom: The Dark Ages zinadai ray tracing (kukokotoa miale ya mwanga) ya kwenye chipu, 1650 hazifunguki kabisa. 3050 ya 6GB chipu inayo lakini iko chini ya kiwango chao. Battlefield 6 inadai ulinzi wa Secure Boot na chipu ya usalama ya TPM 2.0, mashine hii TPM yake ni 1.2. Hapo kadi yoyote haisaidii.

Baraka: Sawa dada. Na vumbi? Huku Nkuhungu upepo wa mwezi wa nane unaingia hadi ndani.

Anko Mathias: Kila miezi miwili puliza kwa blowa, nje ya nyumba. Shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, zikizunguka kwa nguvu ya upepo bearingi inakufa. Toa feni ya prosesa, futa dawa ya zamani ya kupitisha joto juu ya prosesa kwa spiriti, weka tone moja jipya la ukubwa wa choroko. Mashine isikae sakafuni.

Na UPS, mama Baraka: 650VA siyo wati 650. Nyingi za ukubwa huo ni wati 360 hivi, zinamtosha, ila asichomeke pasi wala TV hapo.

Mama Baraka: Asanteni sana. Mzigo unakuja na basi kesho, niupokee stendi ya Nanenane.

Dada Upendo: Nenda na Baraka. Afungue boksi hapohapo kabla hujasaini. Kadi iwe ndani ya mfuko wa kijivu unaong'aa, siyo gazeti. Aangalie meno ya dhahabu ya chini kama yamekwaruzwa au yana weusi, azungushe feni kwa kidole kama inazunguka laini, na asome nyuma ya kadi: kibandiko cha jina kilichobanduliwa pembeni, usipokee.