Binti yangu aache mmoja mmoja abaki na wawili wawili tu? (Mpira wa vinyoya)

Mzazi wa Tabata

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaomba ushauri wa watu wanaoujua mpira wa vinyoya kwa ndani, maana mimi ni mtazamaji wa kukaa benchi na chupa ya maji tu. Binti yangu ana miaka 16, yupo kidato cha tatu, na huu ni mwaka wa tatu anacheza na binti wa jirani yetu. Tunawapeleka mazoezini Upanga kwa zamu, wiki hii mimi, wiki ijayo mama wa mwenzake. Mwezi uliopita kocha aliniita pembeni akaniambia kwamba mtoto ana mikono ya haraka sana karibu na wavu, lakini miguu yake haimtoshi kuulinda uwanja peke yake, kwa hiyo aachane kabisa na mashindano ya mmoja mmoja na aweke nguvu zote kwenye wawili wawili.

Binti mwenyewe amefurahi. Anayekosa usingizi ni mimi. Nilizoea kuamini kwamba mchezaji hujijengea jina lake, na sasa naambiwa ajenge jina la watu wawili, ambalo nusu yake inalala nyumba ya pili na inaweza kuhamia Mwanza siku yoyote baba yake akipewa uhamisho. Je, mwanamke anayecheza wawili wawili peke yake anaweza kuishi kwa mchezo huo? Anadumu hadi umri gani? Na mwenza akiondoka, yeye anabaki na nini mkononi?

Aliyewahi kuvaa jezi

Shikamoo baba. Nimecheza wawili wawili kwa miaka kadhaa kabla ya kuolewa, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu.

Kwanza ondoa wazo kwamba wawili wawili ni mahali pa kuwatupa walioshindwa. Uwanja wa mmoja mmoja una upana wa mita 5.18 na wa wawili wawili mita 6.10, lakini mstari wa nyuma wa kuanzishia husogezwa mbele, kwa hiyo anayeanzisha hawezi kukirusha kinyoya mbali ili apate nafasi ya kupumua. Hulazimika kukipitisha chini chini juu ya wavu, na anayepokea amesimama hapo hapo akimngoja, kiasi kwamba pointi inaweza kuamuliwa ndani ya mapigo matatu ya mwanzo. Hapo ndipo mikono ya binti yako ina thamani. Hata hivyo, kuhusu miguu simwungi mkono kocha, kwa sababu wawili wawili wanawake ndio wenye mizunguko mirefu ya kupigiana kinyoya kuliko michezo yote mitano ya vinyoya. Mwaka 2023, mjini Kuala Lumpur, Pearly Tan na Thinaah Muralitharan wa Malaysia walicheza na jozi ya Japani pointi moja iliyochukua mapigo 211. Pointi moja tu, baba. Mwambie kocha miguu haina likizo.

Sasa nije kwenye hofu yako ya mwenza, ambayo ni ya haki. Viwango vya dunia katika wawili wawili hupewa jozi, havipewi mtu. Hesabu huchukua matokeo 10 bora ya jozi hiyo ndani ya majuma 52, na mwenza akistaafu au akiumia kwa muda mrefu, pointi mlizochuma pamoja haziendi nawe popote. Ukimpata mwingine mnaanza safu mpya. Hilo limewapata hata wakubwa. Greysia Polii wa Indonesia alifukuzwa katika Olimpiki ya London mwaka 2012, pale jozi nne zilipoondolewa kwa kujifungisha makusudi ili zipate wapinzani wepesi. Akajengwa upya na Nitya Krishinda Maheswari, wakachukua dhahabu ya Michezo ya Asia mwaka 2014, halafu Nitya akasumbuliwa na majeraha na njia ikakatika tena. Greysia alitaka kuacha kabisa, lakini kocha wake Eng Hian akamwomba asubiri kidogo awashike mkono wadogo. Mwaka 2017 akaunganishwa na Apriyani Rahayu, mdogo wake kwa zaidi ya miaka kumi, na tarehe 2 Agosti 2021 jijini Tokyo, katika fainali ya Olimpiki, wakawafunga Chen Qingchen na Jia Yifan wa China 21-19, 21-15. Katika fainali hiyo Greysia alibadilisha raketi pointi ikiwa inaendelea, na Apriyani akaulinda uwanja peke yake kwa sekunde hizo chache. Mimi kila nikiitazama video ile husimama.

Greysia alikuwa na miaka 33, akastaafu mwaka uliofuata. Kwa hiyo kuhusu umri, wawili wawili huvumilia kidogo kuliko mmoja mmoja kwa kuwa mzigo unagawanywa, ingawa magoti hayagawanywi. Sayaka Hirota wa Japani alicheza Tokyo akiwa amelifunga goti la kulia kwa kifaa, baada ya kano yake kukatika majuma machache kabla, huku mwenza wake Yuki Fukushima akikimbia kwa niaba ya wote wawili. Waliishia robo fainali.

Mfunga nyuzi za raketi, Kariakoo

Mzee mwenzangu, dada hapo juu amezungumzia heshima, mimi nizungumzie mfuko. Chukua Malaysia Open ya mwaka 2023, ambayo ni ya daraja la juu kabisa: mfuko mzima ulikuwa dola 1,250,000. Bingwa wa mmoja mmoja alipewa dola 87,500, na jozi bingwa dola 92,500, yaani dola 46,250 kwa kila kichwa. Kazi ni ile ile, ndege ni ile ile, hoteli ni ile ile, na mkononi unashika zaidi kidogo ya nusu. Ukishuka kwenye madaraja ya chini, ambako wachezaji wetu wa Afrika huanzia kuokota pointi, jozi inaweza kufika robo fainali na isirudishe hata nauli. Wanaoishi kwa mchezo huu kule Japani na Korea Kusini wengi ni waajiriwa wa timu za makampuni, wanalipwa mshahara, na zawadi huja juu yake. Huku kwetu mwajiri wa namna hiyo mimi sijamwona.

Jambo dogo ambalo wazazi wengi hawaambiwi: vinyoya. Joto la Dar es Salaam hufanya hewa kuwa nyepesi na kinyoya kuruka kwa kasi, ndiyo maana kwenye mkebe tunatafuta namba 75 au 76, za vinyoya vya mwendo wa polepole. Mtoto akienda Nairobi, kwenye mwinuko, kinyoya kile kile kitamtoka nje ya mstari wa nyuma siku nzima, na ninawajua waliopoteza mechi ya kwanza kwa sababu hiyo tu. Na kwa kuwa feni na upepo hukipeperusha, ukumbi hufungwa madirisha; mwezi wa pili humo ndani ni tanuri. Mkebe una vinyoya 12, na mazoezi makali ya jozi mbili huumaliza kabla ya adhana ya magharibi. Huo ndio mshahara utakaoanza kuulipa wewe kabla binti hajalipwa wake.

Mama wa Kigamboni

Nakubaliana na fundi, lakini asimkatishe tamaa mzazi. Hadia Hosny wa Misri alicheza Olimpiki ya mwaka 2008 na ya 2012 katika mmoja mmoja, kisha akarudi Tokyo katika wawili wawili na Doha Hany, wakiwa miongoni mwa jozi 16 tu za dunia nzima. Mwaka huo huo wa 2021 alikuwa mbunge wa nchi yake. Mtu huyo hakuacha shule ili acheze, na wala hakuacha mmoja mmoja akiwa na miaka 16.

Mzazi wa Tabata

Nawashukuru nyote, na marahaba mwanangu uliyevaa jezi. Nimezisoma hesabu za fundi mara mbili, kisha nikamwonyesha mke wangu, naye akaniuliza kama nilidhani mtoto angetulipia nyumba. Nimeamua kwamba ataendelea na mashindano ya mmoja mmoja hadi amalize kidato cha nne, hata kama atakuwa anatolewa raundi ya kwanza, na wawili wawili abaki nayo. Swali moja limebaki: huyu binti wa jirani akihama kweli, nianze sasa hivi kumtafutia mwingine, au huo utakuwa usaliti?

Aliyewahi kuvaa jezi

Baba, si usaliti hata kidogo, ila lisifanyike kwa siri, maana watoto hugundua mapema kuliko tunavyofikiri. Mwombe kocha awabadilishe wenza mara moja kwa juma, wote wawili, si wako peke yake. Kama pale ukumbini yupo msichana wa mkono wa kushoto, aanze na huyo: wakisimama bega kwa bega kujilinda, mkono wa kulia wa mmoja na wa kushoto wa mwingine hufunika pande zote mbili za uwanja, na katikati wanajifunza kuitana kwa sauti, "langu" au "lako". Binti yako amezoea mtu mmoja kwa miaka mitatu, kwa hiyo huenda haiti tena, anabahatisha kwa mazoea. Keshokutwa ukiwa benchi, weka chupa ya maji chini usikilize kama anaita.

Mzazi wa Tabata

Nimerudi kutoka Upanga sasa hivi. Haiti. Jumamosi tunakaa na mama wa mwenzake tuzungumze, na kocha amekubali kuwepo.