Naomba ushauri: mkate wa siagi ya karanga na jeli, nianzie wapi?

Bint Pangani (Columbus, Ohio):

Wanajamvi, salaam. Kwetu Tanga nimezoea karanga za kusaga zitiwe kwenye kisamvu au mchicha pamoja na tui na chumvi, na mkate upakwe Blue Band uliwe na chai. Huku Ohio tulikohamia, mwanangu wa darasa la pili amewaona wenzake wakila mkate wenye siagi ya karanga slesi moja na jeli slesi ya pili, na sasa hataki tena kufungiwa maandazi. Sina ubishi naye, ila sipendi kumpa mtoto chakula ambacho mimi mwenyewe sijakionja, na kabla ya kukionja kuna mambo yananitatiza.

Jeli ninayoijua mimi ni ile inayotetemeka kwenye bakuli, na nimesikia kwamba baadhi yake huwekwa jelatini ya nguruwe. Je, hii ya kupaka mkate ni halali kwetu Waislamu? Siagi ya karanga nayo imejaa rafu nzima dukani, kwa hiyo naomba kuelekezwa ipi inafaa kuanza nayo. Tena, mkate ulioandaliwa alfajiri ukaja kuliwa saa sita mchana hautakuwa umelowa? Nyumbani yupo pia mdogo wake wa miezi kumi, ambaye hudai kila anachokishika kaka yake.

Mpishi Mvita:

Dada, wa alaykum salaam. Kuhusu jeli usiwe na hofu kubwa. Ile ya kupaka mkate hutengenezwa kwa maji ya matunda yaliyochujwa na kuchemshwa na sukari, na kinachoigandisha ni pektini, ambayo hupatikana kwenye makapi ya tufaha na maganda ya machungwa. Haihusiani na ile ya bakulini. Hata hivyo soma lebo kila mara, kwa sababu desturi ya kusoma lebo itakufaa katika mambo mengi nchini humo.

Kinachopaswa kukushughulisha zaidi ni sukari. Kanuni za Marekani zinataka jeli itengenezwe kwa angalau vipimo 45 vya maji ya tunda kwa kila vipimo 55 vya sukari, kwa hiyo hata iliyo halisi kabisa ni tamu mno, na anayeipaka kwa wingi aliozoea kupakia majarini hataimaliza slesi yake. Siagi ya karanga kwa kanuni hizo hizo lazima iwe na karanga zisizopungua asilimia 90; ile asilimia 10 iliyobaki ndiyo inayoingia chumvi, sukari na mafuta ya kuizuia isijitenge. Chukua kopo ambalo lebo yake inataja karanga na chumvi pekee. Utakuta mafuta yameelea juu. Usiyamwage, bali koroga mpaka yarudi ndani, kisha liweke kopo kwenye friji ili yasielee tena.

Kuhusu kulowa, dawa yake ni kupaka siagi ya karanga kwenye slesi zote mbili na kuweka jeli katikati, tena bila kuifikisha ukingoni. Mafuta ya karanga huzuia unyevu wa jeli usiufikie mkate.

Mkulima wa Masasi:

Mimi sioni haja. Karanga na sukari tunazila tangu utotoni katika kashata, na kashata haihitaji friji wala mkate. Nakubali tu kwamba kama mtoto ameridhia karanga badala ya chokoleti ya kupaka, hapo mama yake amepata nafuu.

Mwalimu Mstaafu (Boston):

Ndugu Mkulima, usiupuuze mkate huu, maana una asili yake. Maelekezo ya kwanza yanayojulikana kuchapishwa yalitoka hapa Boston mwaka 1901, katika jarida la shule moja ya mapishi, kwa mkono wa Julia Davis Chandler. Jeli aliyoipendekeza ni ya tunda chachu, kama vile tufaha dogo la mwituni, na nadhani aliona mbali, kwa kuwa uchachu ndio unaozuia mafuta ya karanga yasikinaishe. Watoto wa hapa hupenda jeli ya zabibu za zambarau. Mtu mzima anayeanza, mimi humshauri achukue jamu ya rasiberi.

Nesi Ujiji:

Mama, kabla ya ladha tuzungumzie usalama. Mzio wa karanga unaweza kumziba mtu pumzi ndani ya dakika chache, na shule nyingi za Marekani zina masharti juu yake, kwa hiyo muulize mwalimu kabla hujafunga mkate wowote wa karanga.

Kuhusu huyo wa miezi kumi, zamani tuliwaambia wazazi wasubiri, lakini utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto walio katika hatari ya kupata mzio, wakianza kula karanga kabla ya kutimiza mwaka, hupungukiwa na hatari hiyo kwa takriban asilimia 80. Usimpe karanga nzima, wala usimpe siagi yake kwa kijiko, kwani hunata na kumkaba. Ichanganye na maji ya uvuguvugu au uji mpaka iwe laini. Ikiwa ana ukurutu mkali au mzio wa mayai, muone daktari kwanza.

Bint Pangani:

Nawashukuru nyote. Nimeuonja, wenye rasiberi. Nilitarajia utamu wa keki, kumbe chumvi ya karanga ndiyo inayotangulia na uchachu unakuja nyuma yake. Kunata kwenye kaakaa sijakuzoea bado, na bila maziwa baridi nisingeumaliza, lakini nitaurudia. Shule imenijibu kwamba darasani kwao yupo mtoto mwenye mzio, hivyo karanga haziruhusiwi. Mkate wa karanga utaliwa nyumbani jioni. Je, cha kumfungia ni kipi?

Nesi Ujiji:

Tafuta siagi ya alizeti, ambayo hupatikana kwenye maduka makubwa na hupakwa vivyo hivyo pamoja na jeli. Hakikisha lebo haisemi kwamba imetengenezwa kwenye mitambo inayosaga karanga. Usikimbilie ufuta, kwa sababu tangu mwaka 2023 sheria ya huko inauhesabu miongoni mwa vyakula 9 vikuu vya mzio. Na kwa kuwa siagi ya alizeti inafanana sana na ya karanga kwa macho, bandika karatasi juu ya kisanduku cha chakula kumweleza mwalimu ni kitu gani.